Waya wa Piketi Kule Gahanga

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona kwanza udongo wake: mwekundu, mkavu juu, na unyevu kidogo ukichimba chini, pembeni mwa nyumba mpya kule Gahanga. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina plaizi mfuko wa nyuma wa suruali, na nilijiona fundi aliyekamilika. Sikuwa fundi aliyekamilika. Nilikuwa kijana mwenye cheti.

Ninyi mnaoanza kazi hii mnaniuliza mara kwa mara waya unaokwenda kwenye fimbo ya ethi uwe wa unene gani. Jibu ni fupi na nitakupa. Lakini nisipokueleza lilivyonifikia, utalishika kichwani tu na baada ya mwezi mmoja litakuwa limekutoka. Basi kaa, chai bado ipo.

Kama wengi wa rika langu hapa Kigali, nilizaliwa na kukulia nje. Kwetu ilikuwa Tanzania, upande wa Karagwe, na umeme nimeusomea hukohuko, kwa Kiswahili na Kiingereza cha vitabuni. Tuliporudi, Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama, na Kifaransa sikukijua hata salamu. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili, na nilikionea fahari kupita kiasi. Mtu akisema "maji iko" mimi nilisikia kama amenikanyaga kidole.

Fundi aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Deo. Yeye alikulia Bujumbura, akajifunza ufundi kwa Wabelgiji na kwa wanafunzi wao, na kila kitu cha kazi alikiita kwa Kifaransa. Ethi kwake ilikuwa "tere". Ile fimbo tunayoigongelea ardhini, ili umeme ukitoroka upate njia ya kwenda chini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu, aliiita "piketi". Na nyaya alizihesabu kwa Kifaransa pia. Zaidi ya hayo alikuwa na tabia ya kushika skrubu midomoni akiwa kazini, tatu au nne, hivyo maneno yake yalitoka yamebanwa.

Wiki ya kwanza, akiwa juu ya ngazi, aliniambia: "Leta waya ya sisi."

Nikamuuliza, "Sisi nani, mzee?"

Wapiga lipu waliokuwa mle ndani wakacheka hadi wakaweka miiko chini. Mzee Deo akashuka taratibu, akatoa skrubu mdomoni, akanionyesha vidole sita. Sisi kumbe ilikuwa sita: waya wa milimita sita za mraba. Hakukasirika. Mimi nilikigeuza kisa hicho kichekesho, nikakisimulia kwa wenzangu kila tulipokula mchana, nikiiga sauti yake na midomo yake. Siku moja alinikuta katikati ya maigizo. Alisimama mlangoni, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema chakula kinapoa.

Hilo la kwanza uliweke akilini, mwanangu: nilimcheka mtu aliyekuwa akinifundisha. Ukishamcheka mtu mbele za watu, siku utakayokosa kumsikia vizuri utaona taabu kumwambia arudie.

Nyumba ya Gahanga ilikuwa ya Mama Olive, mjane aliyekuwa akiuza nyanya kwa jumla Nyabugogo. Alikuwa amemjengea mama yake mzazi, na yeye mwenyewe akilala humo siku asizokwenda sokoni. Miaka hiyo Gahanga ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba, na umeme ulikuwa ndio kwanza umefika. Mama yake tulimwita Mukecuru, yaani bibi mzee, na yeye hakujali kabisa habari za umeme. Alichouliza siku ya kwanza ni kama waya zetu zitamzuia kupanda maharage pembeni mwa ukuta. Mzee Deo akamwambia hapana, apande.

Jumanne hiyo tulikuwa tumemaliza ndani. Ilibaki ethi, na pampu ndogo ya kupandisha maji ya mvua kutoka kwenye tangi hadi kwenye bomba la chuma lililosimama nje, karibu na jikoni. Mzee Deo alitakiwa Kanombe kwenye kazi nyingine. Pikipiki ilikuwa imeshawaka, yeye ameshapanda nyuma, na skrubu zake ziko palepale mdomoni, alipogeuka akaniambia:

"Waya ya piketi ni sezi. Unasikia? Sezi."

Nikaitikia, "Nimesikia."

Mwanangu, sikuwa nimesikia. Nilisikia kitu kati ya neno nililolijua na neno nisilolijua, pikipiki inanguruma, na kichwa changu kikachagua lile nililolijua. Sisi. Sita. Palikuwa na shaka ndogo, naikumbuka hadi leo, shaka iliyonifanya niinue mkono kidogo kama mtu anayetaka kusimamisha pikipiki. Halafu nikakumbuka maigizo yangu, na namna alivyosimama mlangoni. Nikaona nikimwambia arudie, atadhani naanza tena. Nikashusha mkono.

Na elimu yangu ikaja kunisaidia kukosea. Nikajiambia: waya mkuu unaoleta umeme nyumbani ni wa kumi, basi wa ethi kuwa wa sita ni sawa kabisa, hata jedwali la chuoni linakaribia hapo. Waya wa sita, wa kijani na njano, ulikuwepo kwenye gunia. Sikuuliza kwa nini mle kwenye gunia kulikuwa na roli jingine la waya, nene zaidi, la rangi hiyohiyo. Nilidhani ni la Kanombe, amelisahau.

Fimbo niliigongelea vizuri, sijisifu, mahali penye unyevu. Mtaro ndio niliufanyia uvivu. Ardhi ilikuwa ngumu, jua kali, na mikono imetoka malengelenge, hivyo nikachimba kina cha kiganja na vidole vyake, nikalaza waya na ganda lake tu, bila kuupitisha kwenye mpira wa kuukinga, nikafukia, nikakanyagia. Jioni Mzee Deo alirudi na mashine yake ya kupimia ardhi. Ikasoma vizuri. Akafurahi.

"Umeweka sezi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

Jambo hili vijana wengi hamlijui, kwa hiyo sikiliza. Ile mashine inapima jinsi fimbo inavyoshikana na udongo. Unene wa waya haiujali. Waya mwembamba ukiwa mzima unasoma sawasawa na mnene, na fundi aliyefukia mtaro wake kabla mkubwa wake hajauona anaweza kusifiwa kwa kazi mbovu. Mimi nilisifiwa. Nikanywa soda ya Mama Olive na nikaenda nyumbani nimeridhika.

Mvua za vuli zikaja. Mukecuru akalima pembeni mwa ukuta kama alivyoahidiwa. Siku moja jembe lake lilikata kitu akadhani ni mzizi, akakivuta kidogo, akaona hakitoki, akakifukia tena akaendelea. Ndani ya nyumba taa ziliwaka, redio ikaimba, hakuna kilichobadilika. Ethi ikikatika haipigi kelele, mwanangu. Nyumba inakuwa uchi na hakuna anayejua.

Wiki kadhaa baadaye ile pampu iliingia maji. Umeme ukavuja hadi kwenye chuma chake, ukapanda bombani. Kikata umeme cha mlangoni kilikuwepo, lakini kikata umeme cha aina ile husubiri kuona umeme unaotoroka kwa wingi kwenda ardhini, na njia ya kwenda ardhini ilikuwa imekatwa kwa jembe. Kikanyamaza. Asubuhi ile Mukecuru akatoka shambani, miguu mitupu, imelowa umande, akaenda bombani kunawa mikono.

Mama Olive alikuwepo, kwa bahati. Alisikia ndoo ikianguka, akatoka akamkuta mama yake ameng'ang'ania bomba, hawezi kuachia wala kupiga ukelele. Hakumgusa. Sijui nani alimfundisha. Alikimbilia ndani akashusha swichi kubwa ya nyumba nzima, ndipo yule bibi akaanguka. Alikaa hospitalini siku nyingi. Alipona, ila kwenye mkono wa kulia vidole viwili havikukunja tena.

Tulipigiwa simu siku hiyohiyo. Tulipofika Mzee Deo aliangalia pampu, akaangalia bomba, kisha akachukua jembe la Mukecuru lililokuwa limeegemea ukuta na kuanza mwenyewe kufukua mtaro wangu, mzee wa umri ule. Nilitaka kumpokea jembe, akanizuia kwa kiwiko. Hakuchimba sana. Akapata ncha mbili za waya, zimekatika, shaba yake imeshakuwa ya kijani. Akashika ncha moja kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Waya wa piketi."

"Naona. Ni ngapi?"

"Sita, mzee. Sisi. Kama ulivyosema."

Akatoa skrubu moja iliyokuwa midomoni, akaitia mfukoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mazungumzo. Akaniinulia vidole vyote kumi, akavifunga, kisha akainua sita.

"Sezi," akasema. "Kumi na sita. Sisi ni sita. Sezi ni kumi na sita. Roli yake nilikuachia kwa gunia."

Nikaanza kueleza habari za pikipiki, za kelele, za jedwali la chuoni. Aliniacha nimalize.

"Mimi Kiswahili yangu ni mbaya," akasema. "Najua. Weye yako ni nzuri, na watu wanacheka. Ni sawa. Rakini kama ule mwenye kusema hajui kusema, si ule mwenye kusikia ndiye anapashwa kuuliza?"

Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Nilitamani anitukane.

Kesho yake nilifika na waya nilioununua mwenyewe kwenye duka la vifaa mjini: milimita hamsini, mnene kama kidole gumba, mzito hadi bega likaniuma. Nilidhani ndivyo mtu anavyotubu. Mzee Deo alipouona alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akaniambia niurudishe dukani.

Alinieleza akichora mchangani kwa bisibisi, na maelezo yale ndiyo jibu la swali lenu. Fimbo moja kwenye udongo ina kiasi chake cha umeme inachoweza kumeza, na kiasi hicho ni kidogo. Hata uufungie waya mnene kama mkono, udongo hautameza zaidi. Kwa hiyo waya unaokwenda kwenye fimbo peke yake hauna haja ya kunenepa kila nyumba inaponenepa, na anayeongeza unene ovyo anaogopa tu, hajafikiri. Kinachodai unene ni yale yatakayoupata waya ukiwa chini: maji, kutu, mawe, na jembe. Ukiwa na ganda lake na umepita ndani ya mpira mgumu, hata mwembamba unaruhusiwa. Ukiwa na ganda lakini hauna mpira wa kuukinga, usishuke chini ya kumi na sita. Ukiwa shaba tupu ndani ya udongo, ishirini na tano. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kanuni nilizozisoma baadaye zinasema hivyohivyo. Wewe zisome za mahali unapofanyia kazi, usinitegemee mimi na chai yangu.

Tulichimba upya, safari hii hadi gotini na zaidi. Tukaweka kumi na sita na bado tukaupitisha ndani ya mpira, kwa sababu pale palikuwa shamba na pangebaki shamba. Pampu tukaibadilisha, na mlangoni tukaongeza kikata umeme chepesi zaidi, kinachoshtuka hata kwa mvujo mdogo. Nikadhani mzigo umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Mukecuru aliporudi kutoka hospitalini hakushika jembe. Mama Olive alituambia mama yake anasema yeye ndiye aliyeharibu umeme wa nyumba, kwamba alikata waya kwa ujinga wake wa kizee, na kwamba bintiye amehangaika sokoni miaka yote ili yeye aje kumwangushia kazi. Maharage yalikuwa yameanza kumezwa na majani. Anakaa kibarazani kutwa, mkono umefungwa kitambaa, anatazama.

Mzee Deo alikuwa ameshamwambia Mama Olive kwamba kosa ni la fundi. Alisema hivyo tu, la fundi, na kwa kuwa fundi ni yeye, Mama Olive alielewa ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikimsikia akibeba kosa langu, nikatazama viatu vyangu. Hilo nalo nililifanya, mwanangu, nisikufiche. Lakini kumwona yule bibi akijilaumu kwa kulima shamba aliloambiwa alime, hilo lilinishinda.

Nikaenda kibarazani nikachuchumaa mbele yake. Kinyarwanda changu kilikuwa kile cha jikoni, kinakwama kila hatua, na Mzee Deo alikuwa nyuma yangu angeweza kunisaidia lakini hakunisaidia. Nikamwambia waya ule niliuweka mimi. Nikamwambia niliambiwa kumi na sita nikaweka sita, kwamba sikusikia na sikuuliza, na niliufukia juujuu kwa sababu nilichoka. Nikamwambia ungekuwa ule niliotumwa, na ungekuwa chini inavyotakiwa, jembe lake lisingeufikia kabisa. Nilikosea maneno mengi. Neno la jembe nililikosea mara mbili na hakunicheka.

Akauliza kama bomba sasa limepona. Nikasema ndiyo.

"Kuramo inkweto," akaniambia. Vua viatu.

Nikavua. Na soksi, kwa sababu aliendelea kutazama soksi. Akainuka, akanitangulia hadi bombani, akachota maji kwa kopo kwa mkono wake wa kushoto, akanimwagia miguuni, na udongo ukawa tope chini ya nyayo zangu. Swichi ya pampu ilikuwa imewashwa, niliisikia ikinguruma. Nilikuwa nimelipima bomba lile asubuhi mara tatu. Nilijua lilikuwa salama. Na bado, mwanangu, sikuinua mkono hadi aliponiamuru.

"Fata," akasema. Shika.

Nikalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa baridi tu, bomba kama mabomba mengine. Akaniacha nimelishika hadi nikaona haya, macho yake yakiwa usoni pangu wala si mikononi. Kisha akaweka mkono wake, ule wa vidole viwili visivyokunja, juu ya bomba, karibu na wangu. Akaushikilia hapo. Akasema, "Sawa," akauondoa, akamwita bintiye amletee jembe.

Basi nasaha yangu ni hii, na naisema waziwazi ili usije ukasema hukuisikia. Ukipewa namba, irudishe kwa sauti, kwa vidole, kwa lugha mbili kama zipo mbili, hata kama pikipiki imewaka na mwenye kuitoa umewahi kumcheka. Mtaro usiufukie mpaka aliyekutuma ameuona kwa macho. Usiongeze unene kwa woga wala usiupunguze kwa uvivu. Uliza waya wako utaishi na nini huko chini. Na ukikosea, nenda kwa aliyeumia kabla hajaanza kujilaumu mwenyewe, kwa sababu wenye haya na wazee huanza mapema.

Mungu akupe masikio mazuri, na ulimi wa kuuliza pale masikio yaliposhindwa. Akupe wakubwa wa kazi wenye subira, na ukiwa mkubwa akupe wewe subira hiyo. Na popote utakapolaza waya ardhini, mtu alime juu yake miaka yote, anawe mikono, aingie ndani, asipate kamwe sababu ya kuuliza jina lako.